Makala Niliyomsomea Mama

Nilipoanza kusoma shahada ya pili ya elimu kwa masafa, mama alikuwa ameshaanza kuumwa figo, nami nilikuwa nimemhamishia kwangu Kawajense, mjini Mpanda. Mama alikuwa mwalimu. Alikuja Tanzania msichana, akikimbia vita Burundi, na kwa miaka mingi alifundisha darasa la kwanza kwenye makazi ya wakimbizi ya hukuhuku Katavi, mahali nilipozaliwa mimi.

Mimi nafundisha shule ya msingi Ilembo. Darasani kwangu kuna watoto wa wafugaji wanaofika wakijua Kisukuma tu, na wengine Kirundi tu. Nilitaka kuandika tasnifu juu yao. Msimamizi wangu, aliyekuwa Dar es Salaam, alinipigia simu akauliza swali moja: "Nani ameshaandika kuhusu eneo lako? Niletee marejeo."

Chuo kilinipa nenosiri la kuingilia kanzidata za maktaba, yale maghala ya makala za utafiti yaliyoko mtandaoni. Kila nikitoka shule nilikaa barazani na kompyuta, nikiunga bando la simu. Niliandika neno Katavi. Zikaja makala za tembo na viboko wa hifadhini. Niliandika Mpanda, zikaja za madini. Wiki mbili nzima sikupata hata mtoto mmoja wa shule.

Nikampigia mkutubi wa chuo, dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Mwalimu, unatafuta ya miaka gani?"

"Ya zamani. Ya themanini na kitu, mama alipokuwa akifundisha watoto wa wakimbizi."

"Basi Katavi hutaipata, haikuwa mkoa wakati huo. Andika Rukwa. Halafu ongeza wakimbizi na shule ya msingi, vyote kwa Kiingereza."

Ilitokea makala moja tu. Nilipoona jina la makazi yetu nilipiga kelele ya furaha, na mama akaitikia kutoka ndani, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

"Umepata nini, mwana wanje?"

"Mtafiti aliyekuja shuleni kwenu, mama."

Akatoka taratibu akishika ukuta. Mama alikuwa hajamsahau yule mtafiti. Mgeni huyo alikaa nyuma darasani kwake wiki nzima, na kila mchana mama alimpa mihogo na maharage. Wakati wa kuaga, alimwambia mama kwamba ataandika habari zake ili dunia ijue.

"Aliniandika?" mama aliuliza.

"Ngoja nisome kwanza."

Nilisoma peke yangu. Mama alikuwemo, ukurasa wa tisa, bila jina. Mwalimu wa kike asiye na cheti, anayefundisha akiwa amembeba mtoto mgongoni, anayewasemesha wanafunzi Kirundi kwa sababu hamudu Kiswahili sanifu. Mtafiti alimtaja kama mfano wa mambo yanayodumaza elimu ya watoto wale. Mtoto wa mgongoni nilikuwa mimi.

Niliporudi kwake alikuwa amekaa kitini, amejifunga kitenge kipya. Nikamtafsiria. Nilisoma kuhusu majengo, idadi ya madawati, vumbi. Nilipofika ukurasa wa tisa nilisema, "Hapa anasema kulikuwa na mwalimu aliyewapenda sana watoto," nikafungua ukurasa mwingine.

Mama alinitazama. Alikuwa amewasikiliza watoto wakisoma maisha yake yote.

"Soma na hiyo uliyoruka."

"Mama, ni mambo ya kitaalamu tu."

"Soma."

Nikasoma yote, neno kwa neno. Kwenye cheti nilikosea neno, akanisubiri hadi nikalirudia.

"Watoto walikuwa wanalia," alisema nilipomaliza. "Wanafika asubuhi hawajui hata neno 'kaa' ni nini. Nikiwaambia kwa Kirundi wananyamaza, halafu naanza Kiswahili polepole. Nyie mngefanyaje? Na yeye alikuwa anaona. Alikuwa amekaa pale pale."

Nilimwambia nitaandika maneno yake kwenye tasnifu, kwamba nitamhoji rasmi, kwa jina lake kama akikubali. Alisema sawa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za masomo yangu, na kile kitenge alikikunja akakirudisha sandukuni.

Utaratibu haukuruhusu kumhoji mtu kabla ya kupata kibali cha utafiti. Nilipeleka maombi, nikawa nafuatilia kila wiki. Mama akavimba miguu, tukampeleka hospitali. Siku ya nne akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kibali kilitoka wiki mbili baada ya mazishi.

Nilimwandikia msimamizi nikimwomba nitumie yale aliyonisimulia barazani. Alinipa pole ya dhati, akajibu kwamba bila fomu ya ridhaa iliyosainiwa hawezi kuyapitisha. Sikumlaumu. Lakini makala ile ilibidi iwemo, kwa sababu hakuna nyingine inayozungumzia shule zetu za wakati ule. Niliinukuu mara tatu, na nilijitahidi kuipinga kwa kutumia tafiti za nchi nyingine.

Tasnifu ilipita. Jina la mtafiti limo kwenye orodha ya marejeo, limeandikwa inavyotakiwa. La mama halimo, na orodha ile niliichapa kwa mikono yangu mwenyewe.