Siku Niliyompima Mwanangu kwa Jina la Mwenzake

Nacheka nikisimulia, lakini msidanganyike, jambo hili hadi leo linanipandisha hasira, na hasira yenyewe sijui niigawe vipi, maana fungu kubwa ni langu mimi, Mwanakombo, niliyesimama mbele ya watu wa vijiji vitatu nikasifiwa kwa unono wa mtoto ambaye sikumzaa.

Ilikuwa miaka ile Uhuru ungali mpya, nami nimeolewa upande wa Msambweni. Mjumbe wa chifu alipita nyumba hadi nyumba akisema watafiti wanakuja kutoka Nairobi kuangalia afya ya watoto na hali ya familia zao, kila mama ampeleke mwanawe shuleni Jumanne asubuhi akapimwe uzito. Waliokonda watapewa maziwa ya unga, na walio hoi watapakiwa kwenye gari siku hiyo hiyo wapelekwe hospitali. Jambo jema, nani angelikataa? Sasa sikilizeni walivyolifanya.

Walitundika mizani kwenye boriti ya baraza ya shule, mizani ya ndoana kama ile ya kupimia kopra, wakaifunga kikapu, mtoto anatiwa humo anarusha mateke, na karani anataja jina la mtoto, jina la mama na ratili zake kwa sauti ya kusikika hadi kisimani. Mtoto akiwa mzito sawasawa, anaondoka. Akiwa mwepesi, anafungwa uzi mwekundu mkononi na mama yake anaamriwa akasimame naye ukutani, kila mtu amtazame; na habari ya uzi huo mjumbe alikuwa ametutangazia tangu mwanzo.

Hao mabwana na elimu zao hawakuuliza hata mtu mmoja uzi ule utasomwaje. Kwetu Wadigo mtoto akikonda hivi hivi watu husema ana chirwa, yaani baba au mama ametoka nje ya ndoa na mtoto ndiye anayekauka. Husema "baba au mama", lakini mimi katika maisha yangu sijasikia baba akiulizwa.

Na Bakari wangu alikuwa amekonda. Alikuwa na mwaka na nusu, surua ilimpitia ikamwachia macho na mbavu, na Hamisi mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Mavyaa wangu, mamaye Hamisi, alikuwa ameanza kumtazama mtoto, kisha kunitazama mimi, kisha kunyamaza (na kunyamaza ndiko kulikonitisha, maana hakuwa na kawaida hiyo). Uzi mwekundu kwenye mkono wa Bakari ungekuwa talaka yangu. Nisipompeleka, huenda nikamzika. Usiku mzima niligeuka kitandani na mambo hayo mawili.

Asubuhi akaja jirani yangu Mwanamisi, ambaye mwanawe Salimu ni wa umri ule ule na amenona mpaka mikono ina mikunjo.

"Shoga yangu," akaniambia, "nipelekee na huyu. Mpunga wangu ukilala leo bondeni, ndege hawataniachia kitu."

Basi nikatoka na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kiunoni, na njiani shetani akanikalisha kitako. Mwanamisi mumewe yuko nyumbani kila siku, nikawaza, nani atamshuku? Nikibadilisha majina tu, Bakari atapata maziwa na gari, mimi nitapata usalama wangu, na kesho mambo yatakuwa yamesahaulika. (Akili ya mtu mzima hiyo.) Majirani zangu hasa walikuwa mbali nyuma kwenye foleni, nami nikasogea mbele.

"Huyu Bakari, mama yake Mwanakombo," nikasema, nikamtia Salimu kikapuni. "Na huyu Salimu, mama yake Mwanamisi, yuko shambani."

Yule niliyemwita Salimu alifungwa uzi mwekundu na akaandikwa kwenye orodha ya gari. Roho ikanitulia, lakini si kwa muda mrefu, maana yule bwana mkubwa wa watafiti, mwenye miwani, alimnyanyua Salimu wa kweli juu kama kombe la mpira.

"Mnaona? Hivi ndivyo mtoto anavyotakiwa kuwa. Mama Bakari, waelezee wenzako unamlisha nini."

Ningelisema kichwa kinaniuma. Lakini la, nikasema uji wa mtama, na samaki mdogo aliyepondwa, na tui kidogo, tena nikaona wanawake wanatikisa vichwa nikaongeza kwamba mtoto anataka mama mtulivu. Mama mtulivu, mimi. Na huku mwanangu ameketi ukutani na uzi wake.

Hapo nyuma yangu tayari nilikuwa nikisikia wanawake wa kijiji cha pili, wanaomjua Mwanamisi kwa jina kuliko mwanawe kwa sura. "Ndiyo maana mpunga wake hauishi kuvunwa," mmoja akasema, wakaguna wote. Mumewe kuwa nyumbani hakukumsaidia kitu.

Na Mwanamisi mwenyewe akatokea, matope hadi magotini, kisu cha kuvunia mkononi, amekuja mbio kumwona mwanawe. Salimu alipomwona akanyoosha mikono akalia, "Mama."

"Mwanakombo," akasema Mwanamisi polepole, "mbona mwanangu anaitwa Bakari?"

Nikayasema yote pale pale. Kicheko kikaanzia kwa wanaume waliokuja kutazama. Bwana mwenye miwani hakucheka.

"Mmeharibu kazi yetu. Karani, futa hao watoto wawili."

"Na huyu mgonjwa, bwana?"

"Nimesema futa. Hiki kitabu lazima kiwe safi."

Wallahi aibu ilinitoka yote ikabaki hasira. Nikamwambia, "Bwana, ungelimpima mtoto wangu kando na kuniuliza jina kwa sauti ya chini, nisingelikudanganya." Akaniambia mama, toka hapa.

Mwanamisi hakugombana na mtu. Alikwenda ukutani, akamnyanyua Bakari, akatembea moja kwa moja hadi kwenye gari, ambako dereva alikuwa na orodha yake aliyokwisha kupewa.

"Jina?" dereva akauliza.

"Salimu. Mama yake Mwanamisi. Si ndivyo mlivyoandika?"

Akapanda, akampakata mwanangu, akaondoka bila kunitazama. Nikabaki na mwanawe analia mikononi mwangu.

Kesho yake nilikwenda hospitali kwa miguu, Salimu mgongoni. Mwanamisi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anampa Bakari maziwa kwa kijiko.

"Chukua mwanao," akasema. "Na kwa mume wangu na wale wanawake utakwenda wewe, useme kwa mdomo wako."

Nilikwenda, mlango kwa mlango, na ilinichoma kuliko jua. Wiki tatu tulizolala hospitali, wauguzi waliniita Mama Salimu, nami niliitika kila mara. Hamisi alikuja akasikia yote, akamtazama mtoto anavyokula, na hakulitamka neno chirwa. Angelitamka, nilikuwa nimejiandaa kumwuliza na yeye habari za Mombasa.

Bakari sasa ni baba wa watoto wanne. Wakipelekwa kupimwa nakwenda nao mimi, na kabla karani hajafungua kinywa namwinamia namwambia aandike kimya kimya, lakini aandike jina la kweli, na sitadanganya tena kwa mtoto hata wakinifunga mimi huo uzi shingoni.

Mwanamisi alinisamehe, alisema mwenyewe, na tunaalikana arusini na matangani. Ila mjukuu wake akinyoosha mikono kutaka kuja kwangu, humhamishia upande wa pili wa kiuno, kisha tukaendelea na mazungumzo.