Maji ya Kilio Kisichokuwa na Maiti

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shida ikaanza. Hakuna zaidi ya kusema juu ya hilo, wengi wamefiwa na baba. Mama alianza kuuza makala, makaa ya kupikia, na mimi nikaacha shule katika mwaka wa tatu, kwa sababu alihitajika muntu wa kusukuma baiskeli ya makala na muntu huyo nilikuwa mimi. Kusoma najua, polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Kuandika najua pia. Haya unayosoma nimeyaandika mwenyewe. Binti yangu alisahihisha herufi. Maneno nilimkataza kuyagusa.

Kazi yangu ni kutengeneza mbabula. Sikufundishwa na muntu. Unachukua pipa la chuma lililochoka, unalikata, unalitoboa matundu, unalitia miguu, watu wanaweka makala ndani na kupika juu yake. Huku Likasi mbabula inauzwa mwaka mzima, lakini mwezi wa sita na wa saba ndiyo majira yangu. Asubuhi baridi inapasua midomo, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sukari, na kila nyumba inataka moto wa kupikia na mwingine wa kuota. Kwa mbabula nilijenga, na watu waliosoma kunizidi wanakuja kupanga kwangu.

Avenue yetu, barabara moja na nyumba zake, ilipobaki bila shefu, walinichagua mimi. Shefu wa avenue hana mshahara wala ofisi. Anabeba habari tu. Komine, yaani serikali yetu ya mji, inamwambia shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa mzima, shefu wa kartie anatuita sisi wa avenue, nasi tunazitembeza mlango kwa mlango. Wakati wa baridi habari ni zile zile kila mwaka. Msichome majani, moto unakimbia na upepo. Msilale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, inaua. Kateni matawi yanayogusa nyaya za umeme. Jumamosi ni salongo, kazi ya wote, kila lupango, kiwanja chenye nyumba, itoe muntu mmoja mwenye panga au reki, na asiyetoka nitaita jina lake barabarani. Naita kweli. Wananichukia, kisha wanatoka.

Mwaka jana kulikuwa na habari ya maji pia. Robinet, mabomba ya maji, zilikauka tangu mwisho wa mwezi wa sita, visima vya majirani vikabaki tope. Shefu wa kartie alituita akasema komine imepata siterne, kamyo lenye tangi la maji, litapita Jumatatu asubuhi. Lingeanza avenue yetu, kisha avenue ya chini, kisha lirudi kesho yake kwa wengine. Mara moja kwa wiki, basi.

Niliwaambia watu wangu, na wa kwanza kumwambia alikuwa mpangaji wangu, mama kijana mwenye mimba ya kwanza. Mume wake alikuwa Kakanda akitafuta riziki, simu yake haipatikani. Siku zake zilikuwa zimefika. Nyumba ya uzazi ya kwetu nayo haikuwa na tone, na mama muganga wa pale, mwenye kuzalisha, aliwaambia wenye mimba waziwazi: njoo na bidon mbili zimejaa maji, ama uende hospitali kubwa mjini. Mjini ni mbali. Pikipiki kwenye mashimo ya barabara yetu si kitu cha muntu mwenye uchungu. Mwingine alizalia njiani mwaka uliotangulia na mtoto hakubaki. Kwa hiyo mama yule alikuwa anangoja siterne kuliko sisi sote. Mke wangu alichukua bidon zake mbili akaziweka mbele kabisa ya mstari, kwenye poto, nguzo ya umeme, karibu na mlango wetu. Kwetu bidon ni muntu. Ikiwa pale, mwenyewe yuko pale, haipitwi.

Jumamosi tulifanya salongo vizuri. Tulikata matawi yote yaliyokaribia nyaya. Nikaamuru yarundikwe pale avenue inapoanza, gari la komine liyachukue bila kuingia ndani. Gari halikuja. Upepo ukayavuta, mengine yakalala katikati ya barabara na majani yake mabichi.

Hapa lazima nieleze kwa muntu asiye wa kwetu. Matawi mabichi yakiwekwa barabarani maana yake mbele kuna kilio, watu wamekaa na maiti. Mwenye gari anapunguza mwendo, hapigi honi, na kama hana shida na barabara hiyo anazunguka kwingine. Tulilijua hilo wote. Lakini matawi yalikuwa yetu, tuliyakata kwa mikono yetu tukiwa tunacheka, basi tuliyaona kuwa ni takataka za salongo. Hakuna aliyeyatazama kwa macho ya muntu anayepita.

Jumatatu asubuhi watu walitoka mapema. Bidon zilikuwa ndani, kwenye poto, baada ya kona. Watu wenyewe walikaa pale mwanzo wa avenue kulitazamia kamyo, kwa sababu jua linafika pale kwanza. Niliwaletea mbabula mbili zenye moto. Wanawake walijifunga vitenge mpaka kichwani, wazee tukajitupia blanketi, tukakaa kimya kwa sababu ya baridi. Sasa fikiri mwenyewe. Matawi barabarani, wanawake wamefunikwa vichwa, wazee kimya kuzunguka moto.

Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua makala ya kuongeza, nikakawia. Niliporudi nikauliza: siterne bado?

Jirani yangu, bibi mzee aliyekaa karibu na moto, akajibu: «Ilikuya.»

«Ilikuya wapi?»

«Pale. Ilisimama. Chauffeur alitoa kofia, akaniinamia kichwa. Nikamupungia mukono. Njo akarudi nyuma na kamyo yake, akaenda kule chini. Bote tulizani atarudi.»

«Na weye ulinyamaza?»

«Nilisema ndani ya moyo, leo tuko na chauffeur ya heshima.»

Niliyatazama matawi, nikaelewa. Nikamtuma kijana mwenye baiskeli avenue ya chini. Alirudi haraka kusema siterne imekwisha kumimina yote na kuondoka. Chauffeur, yule dereva, aliwaambia kwamba majirani zao wa juu wako katika kilio, hawezi kuwasumbua na mapampu, wao wachukue na sehemu yetu.

Wakati huo mke wangu alitoka ndani akiniita. Mpangaji alikuwa ameanza. Alikuwa amesimama ameshika nguzo ya mlango, jasho usoni kwenye baridi ile, na bidon zake mbili ziko mbele ya mstari, tupu.

Nilikuwa nafikiri nani katika avenue ana hata sufuria moja ya maji, tukasikia wimbo. Wanawake wa avenue ya chini walikuwa wanapanda kwa mstari, bidon vichwani, wanaimba wimbo wa maziko. Jirani akifiwa, unampelekea maji na makala, hiyo ni desturi, na wao walikuwa wamepata maji ya kutosha siku ile. Mbele alitembea shefu wao, mama mnene wa kanisa la maombi, sauti yake inasikika mpaka sokoni. Walitua bidon pale kwenye matawi. Wawili walikuwa wanalia kweli.

«Pole sana, papa,» akaniambia, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. «Njo nani alituacha?»

Ningeweza kunyamaza. Bibi yule mzee alinivuta blanketi, akanong'ona: «Sema ni muntu ya mbali. Sema ni mujomba ya Kolwezi.» Mimi sijala kitu cha watu kwa uongo tangu nianze kujilisha, sikuona sababu ya kuanza na maji.

«Hakuna muntu alikufa,» nikasema.

«Namna gani hakuna?»

«Hakuna. Tuko wote.»

«Na haya matawi?»

«Ya salongo.»

Wimbo ulikatika, lakini si wote kwa pamoja. Wa nyuma walikuwa bado wanaimba. Kisha mmoja wa wale waliokuwa wanalia akafuta uso.

«Aba! Minye nililia kutoka kule mpaka hapa bure? Munirudishie machozi yangu!»

«Banakufa na kiu tu, hawa,» mwingine akasema, na cheko likaanza upande wao. «Shefu anaita majina ya bantu kila Jumamosi, na matawi yake yanamushinda!»

Wa kwetu hawakupenda. Sauti zikapanda. Mama shefu akanyoosha mkono, wakanyamaza.

«Papa, sasa tutafanya nini na haya maji? Maji ya kilio hayarudi nyumbani. Ukirudi nayo, unarudi na kilio kwako.»

«Na sisi hatuyapokei,» mke wangu akasema. «Nikipokea maji ya kilio na hakuna maiti, nani atakuwa maiti?»

Hilo nalo lilikuwa kweli kwa wote. Kwa hiyo bidon zilikaa barabarani, zimejaa, baina ya avenue mbili, na hakuna aliyezigusa. Mama shefu aliomba kwa sauti, Mungu aonyeshe njia. Wakatoliki wa kwetu walifanya ishara ya msalaba. Njia haikuonekana. Mimi nilitoa maoni yangu, kwamba maji ni maji, na walinitazama kama nimetukana.

Aliyekuja ni mpangaji. Alitembea kutoka kwenye kona, mkono mmoja kiunoni, akasimama kungoja uchungu upite, akatembea tena. Watu walimpisha. Alifika kwenye bidon, akaweka mkono juu ya moja, kisha juu ya nyingine.

«Hii na hii ni yangu.»

Bibi mzee akashtuka. «Mutoto, haya ni ya kilio!»

«Nilisikia. Lakini bila maji mama muganga ananirudisha. Minye siko na woga ya maji. Niko na woga ya kuzalia pa njia, na kilio ikuye kweli. Basi muchague.»

Mama shefu alimtazama tumbo, akamtazama uso. Akafungua kifuniko cha bidon ya kwanza, akamimina katika kiganja, akanywa. Akamimina tena akanipa mimi, nikanywa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Akampa mke wangu. Mke wangu alisita, akanitazama, akanywa.

«Imeisha,» mama shefu akasema. «Tulikunywa pamoja, hakuna tena kilio. Ni maji ya bageni. Nani anabeba?»

Walibeba wao, na wa kwetu wakabeba pia, na mpangaji akatembea katikati ameshikwa mikono. Nyumba ya uzazi haiko mbali kwa miguu. Walitaka kuimba lakini hawakupatana wimbo, wa maombi walianza mmoja na Wakatoliki mwingine, ikawa kelele, wakaacha, wakaenda wanazungumza juu ya bei ya unga. Mimi nilifuata nyuma na mbabula moja, kwa sababu chumba cha pale ni baridi.

Mama muganga alitoka mlangoni, akaona umati, akashika kifua. «Nani alikufa?»

«Hakuna muntu alikufa!» wakajibu wote, hata wale waliokuwa wananitukana muda mfupi kabla. «Tunaleta muntu ya kuzaa.»

Alipokea bidon mbili za mpangaji, na zile nyingine zote akaomba ziachwe kwa wanaokuja. Ziliachwa. Niliiweka mbabula nje mpaka makala yashike na moshi uishe, nikamwambia mama muganga aache dirisha wazi kidogo, habari ya komine hiyo. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, wa kike. Mama yake alipasuka kidogo, akashonwa, akarudi kwa miguu siku ya tatu. Mume alikuja kutoka Kakanda wiki iliyofuata akauliza mbona watu wa avenue ya chini wanamwita mkwe.

Siku ile ile niliyahamisha matawi mwenyewe, nikayaingiza ndani ya lupango yangu. Avenue yetu ilikaa wiki nzima kwa maji ya kuombaomba, na walionichagua walinikumbusha kila asubuhi. Shefu wa kartie alitangaza kwamba kuanzia sasa matawi ya salongo hayakai barabarani. Hakusema yalikuwa ya nani. Mimi nilipolitangaza kwangu nilisema: yalikuwa yetu, na mimi ndiye niliyeamuru.

Lakini kilichonikaa ni yule mama kusimama kwenye mlango wangu, bidon zake tupu kwenye poto. Alikuwa anapanga kwangu. Muntu akilala chini ya bati lako, maji yake ya kuzalia hayatafutwi barabarani. Nikawaita wachimbaji mwezi wa tisa, kabla ya mvua, wakati maji yako chini kabisa, ili kisima kisinidanganye. Tulipiga mwamba, tukauvunja, tukashuka tena.

Leo niko na hivi. Lupango moja, yenye ukuta. Nyumba ya vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Annexe mbili, nyumba ndogo za kupangisha, zote zina watu. Kiwanda cha mbabula chenye mikasi mitatu ya bati, nyundo, na kipande cha reli cha kupigia. Baiskeli. Mke mmoja, watoto watano wazima. Kisima chenye maji mwezi wa saba, kamba yake na ndoo yake, na lango ambalo silifungi kabla ya jua kuzama, wenye mimba wapite mbele.