Baba Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Juzi, kwenye zahanati moja Iringa, nilimwona mama Mnyakyusa, mjamzito, midomo imemkauka. Hata maji aliyopewa aliyatapika. Kiswahili hakijui. Dresa, mhudumu wa zahanati, akamwambia mzee aliyemleta, "Mwulize, ameanza kutapika lini?"

Mzee alikuwa amegeukia ukuta. "Mimi baba mkwe wake. Kwetu siruhusiwi kusema naye, wala kumtazama. Mume wake yuko migodini, kusini."

"Basi ni mimba tu. Itapita," dresa akasema.

Mama akajifunika uso kwa khanga, kwa heshima, akatapika humo humo.

Wakaondoka, mzee mbele, mama nyuma kabisa, akijishikilia kwenye uzio. Adabu haikukosekana hata kidogo, ndugu wasomaji. Mama akianguka njiani, mzee haruhusiwi kugeuka.