Mtani wa Mzee Nobila

Mzee Nobila alikufa asubuhi, jembe mkononi, na kufikia alasiri wajukuu walikuwa wamejaa uani wakigombania nguo zake. Huyu kavaa kofia yake ya jeshi, yule anachechemea na fimbo yake. Ndiyo mila ya Wamosi: mjukuu halii msibani kwa babu, hutania, maana babu asiyetaniwa huondoka na kinyongo. Talato, mjukuu wake wa kike, peke yake alijikunyata ukutani, roho inamuuma.

Angetania vipi, jamani? Mama yake alikufa akimzaa, baba akapotelea Abijani kwenye mashamba ya kakao. Mzee huyu, aliyerudishwa na Wafaransa kutoka vita vya Indochina na mguu mkavu, ndiye aliyembeba mgongoni kwa kitambaa, kama mwanamke. Wanaume walimcheka weee, mpaka wakachoka.

"Nilibeba bunduki miaka yote ile, haikunichekea hata siku moja," aliwajibu. "Huyu ananichekea."

Na kwa mguu huohuo alichimba vishimo vya kupandia mtama kwenye ardhi kavu ambayo wenzake waliikatia tamaa, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka ikalisha ukoo mzima. Aliyethubutu kumwita mvivu alikuwa Talato tu.

"Amka, mvivu wewe!"

"Nyamaza, mke wangu mwenye masikio ya punda!"

Hivyo ndivyo walivyoamkiana kila siku iendayo kwa Mungu.

Baba yake mdogo, Sibiri, akamwinamia. "Mwanangu, mzee alikupenda kuliko sisi sote. Usipomtania wewe, atatuona sisi watu gani?"

Talato akajikongoja hadi penye maiti, iliyokwisha kuviringishwa mkekani.

"Mtazameni huyu mvivu!" akapaza sauti. "Mtama haujapaliliwa, yeye kajilaza! Vita vyenyewe ulipigana wapi, wewe? Si ulijificha chooni?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wazee walijipiga mapaja. "Enhe! Mpashe huyo!"

Vijana walipoinama kuuinua mkeka, Talato akaurukia, akaukumbatia.

"Haendi mtu hapa! Mume wangu huyu! Nani atanitukana kesho asubuhi? Mwacheni! Mwacheni, nasema!"

Loo, watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mtani kweli huyu, walisema, kawashinda wajukuu wote.

"Mpeni kokwa za kola atuachie!" mmoja akapiga kelele. "Huyo anataka fidia yake ya utani!"

Sibiri akaja na kola kiganjani, naye mbavu hana. Akamshika mikono ambandue taratibu. Vidole vya Talato vilikuwa vimeng'ang'ania mkeka, havifunguki. Sibiri akapiga magoti, akamtazama usoni, kicheko kikamkatika.

"Jamani, huyu hatanii," alisema.

Lakini watu walikuwa wakicheka mno, hakuna aliyemsikia.