Karata ya Nyuso Mbili

Juzi, katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, nilimwona baba mdogo akimpigia makofi mgeni aliyegeuza karata ya kopa kuwa shupaza. Hasira zilinipanda.

Karata ya namna ile niliitengeneza utotoni. Nilipika uji mzito wa ngano ndani ya kopo, nikabandika kopa na shupaza mgongo kwa mgongo, kisha nikazikandamiza chini ya gunia la vitunguu mpaka nazo zikanuka vitunguu.

Alasiri nikamwonyesha baba mdogo, mzee wa kanisa, mbele ya mama na majirani.

"Nani kakufundisha uchawi, wewe binti?"

"Si uchawi, baba mdogo, ni uji. Shika hapo pembeni."

Akapitisha ukucha ukingoni, taratibu, kisha akaitupa motoni. "Watoto wenu wasicheze na huyu," akawaambia majirani. Nao wakatii.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa kosa lilikuwa la ufundi wangu, kwamba nilibandika vizuri mno hata asiuone uji. Leo naikumbuka karata ile ikishika moto, pembe moja imekwisha kubanduliwa, kopa huku, shupaza kule. Aliuona uji, na bado akaniita mchawi.