Wiki ya Chapuchapu

Baba yangu aliuza viatu vya mtumba pale Mchikichini zaidi ya miaka thelathini. Kila alasiri soko likipoa, aligeuza kreti la soda, akatandika gunia juu yake, wakacheza karata yeye na wenzake watatu. Nyumbani hakuwa na mtoto wa kiume aliyeupenda mchezo huo, kwa hiyo akanifundisha mimi, mkekani, siku za mvua. Kabla ya kunifundisha turufu ni nini, alinifundisha adabu. Mgawaji akishachanga karata huziweka mbele yako. Kama humjui, unakata: unainua nusu ya juu, unaiweka pembeni, ile ya chini inakuja juu. Kama ni mtu wako, hukati. Unagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, basi. Maana yake, gawa tu, nakuamini.

Baba aligonga siku zote. Nilisikia kwamba mara moja tu alimkatia mwenzake wa miaka mingi, na yule mzee aliinuka, asirudi pale kwenye kreti mwezi mzima.

Kiharusi kilipomjia kilichukua mkono wa kulia na karibu maneno yote. Yalibaki "ndiyo", "hapana", na "mama", ambalo ndilo analoniita tangu nizaliwe kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Wenzake wawili wameshatangulia mbele ya haki, wa tatu amehamia kwa wanawe. Mimi nina duka la zipu, vifungo na uzi Kariakoo, na kila nikifunga napitia kwake Ilala. Siku moja nikamwekea mchezo wa karata kwenye simu. Tukawa timu moja, mimi kwenye simu yangu, yeye kwenye yake, tukipambana na watu wawili tusiowajua. Kila zamu ilikuwa sekunde thelathini, na kwa mkono wa kushoto zilimtosha. Aliposhinda mara ya kwanza alicheka, mdomo umekwenda upande, na mimi nikaenda jikoni kulia. Hakuwa na furaha nyingine. Ilikuwa hiyo tu.

Ndipo ikaja Chapuchapu. Ulikuwa mchezo uleule, lakini wa wiki moja tu, na kila zamu sekunde tano. Ukichelewa, simu inakutupia karata yoyote inayotaka yenyewe. Timu ikishinda mara ishirini kabla wiki haijaisha inapewa karata zenye mgongo wa dhahabu, ambazo hazitatolewa tena. Ni picha tu, hailiki wala haivaliki. Lakini nilizitaka, tena nilizitaka kwa uchu wa mtu mzima asiye na haya.

Tulifungwa michezo sita mfululizo, na kila mara kosa lilikuwa lile lile. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua mchezo kwa kubonyeza kitufe cha kugawa. Nikishafungua tu, Baba ananyoosha mkono wa kushoto, taratibu, anagonga kioo cha simu yangu kwa kifundo cha kidole, kisha ndipo anarudi kwenye simu yake. Sekunde tano zimeshakwisha. Simu imeshamtupia ree ya turufu, karata kubwa kuliko zote.

"Baba, achana na simu yangu bwana! Tupa karata!"

"Mama," alisema, kwa upole.

"Tupa, Baba! Muda unaenda!"

Niliona ni ugonjwa, mkono umepotea njia. Mimi, niliyefundishwa maana ya kugonga kabla ya kufundishwa kuhesabu turufu! Wanaosema haraka haina baraka wananisengenya mimi.

Siku ya nne nikamchukulia simu yake. Nikaziweka zote mbili kwenye sinia mbele yangu, nikacheza zamu yangu na yake, huku naziona karata zangu na zake. Pale kwenye kreti, mtu aliyechungulia karata za mwenzake hakukaribishwa tena. Baba alikaa ananitazama siku tatu nzima. Nilishinda ishirini wiki ikiwa bado haijakatika, nikamwonyesha ule mgongo wa dhahabu unavyometameta.

"Tumeshinda, Baba!"

"Hapana," alisema.

Nikadhani hataki chai niliyomwekea.

Chapuchapu ikaondoka, sekunde thelathini zikarudi. Nikampa simu yake, hakuigusa. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nilikuwa dukani nampimia mteja utepe, mwenzake akawa anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole, ana haraka zake tu, nikaacha kupima. Baba hakuwa amepotea njia. Kila mchezo alikuwa ananiambia kwamba ananiamini, na kila mara nikamfokea, mwishowe nikamwibia.

Nikafunga duka mchana ule ule. Barabarani, kwa machinga, nikanunua karata za kweli, za kushikika. Nikatandika mkeka miguuni pake, nikamsaidia kushuka, tukakaa kama zile siku za mvua.

"Nisamehe, Baba. Nimekukosea."

Nikazichanga vizuri, nikaziweka mbele yake, nikavitazama vidole vyake. Nilichokuwa nasubiri ni kugonga kumoja tu.

Mkono wa kushoto ukanyanyuka. Vidole vikafunguka, vikashika nusu ya juu. Karata moja ikadondoka, akaiokota. Akaiweka ile nusu pembeni, akachukua ya chini, akaipandisha juu yake, akaisawazisha kingo kwa uangalifu. Ilimchukua muda mrefu kuliko sekunde thelathini. Kisha akanitazama mikononi.

Nikagawa. Nilizigawa moja moja, polepole, machozi yakinitiririka, ili aone kila karata inakotoka.