Zimwi Lenye Jicho Legevu

Wifi yangu huchapa mazimwi. Anachonga ubao, anaupaka wino mweusi, analaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Ukiibandua, meno yote yanakutazama wewe. Kalamu haiwezi kutisha hivyo. Hapa kila unywele umekatwa kwa patasi, na weusi wake ni weusi kwelikweli. Mtaani wanamwita Mama Mazimwi, naye huitika bila kinyongo.

Mimi sasa, mtu akifunika kazi yake kwa gunia kila nikipita, simwamini. Nikamuuliza mume wangu, "Dada yako anaficha nini chumbani mle?"

"Mwache bwana," akasema. Lakini nilimwona keshaanza kunusanusa.

Wifi alipotoka kwenda kununua wino, tukafunua. Zimwi lenye manyoya shingoni, na jicho la kushoto limelegea. La mume wangu la kushoto limelegea hivyohivyo tangu azaliwe.

"Ni mimi huyu!" akafoka. "Namweka nyumbani kwangu, yeye ananifanya zimwi?"

"Makubwa!" nikasema, nikakimbilia jikoni kuepua sufuria. Niliporudi, gunia lilikuwa mahali pake na mume wangu ananawa mikono. Ananawa nini? Sikuuliza, ila nilimkodolea macho.

Jioni wifi akatuita, uso umemchangamka. Alipopitisha wino, mkono ukasita kidogo. Akaendelea. Akasugua, akabandua.

Kwenye karatasi kila kitu hugeuka, cha kushoto kikawa cha kulia. Ndani ya manyoya ya zimwi walijificha watoto wawili, wamelala. Na pale pa jicho la kulia palikuwa na doa jeupe tupu, maana palipokwanguliwa hapashiki wino.

"Labda panya," akasema mume wangu.

Wifi hakumtazama. "Jicho la mama lililolegea lilikuwa la kulia," akasema. "Alikuwa akijifanya zimwi ili tucheke, tulale."

Mama mkwe alifariki mume wangu akiwa bado ananyonya, na hakuacha picha hata moja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tangu utoto unaniuliza alifananaje, mdogo wangu," akasema wifi. "Nilikuwa nakuchapia wewe."